Mwenyeji Asiyekuwamo Katika Basi

Tangu zamani mwanadamu amesifiwa kwa tamaa yake ya kuona. Ameambiwa atembee ili aone, na aliyetembea amehesabiwa kuwa na ziada ya akili juu ya aliyeketi kwao. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ndani yake limo jambo lisilofikiriwa mara nyingi. Penye mwenye kuona pana chenye kuonwa. Na chenye kuonwa kikiwa ni mtu, au ni nchi yenye watu, kuona huacha kuwa kazi ya macho peke yake. Huwa ni tendo baina ya mtu na mtu, na lililo baina ya mtu na mtu halikosi kuwa na haki yake na dhuluma yake.

Zama hizi zimeitengenezea tamaa hiyo chombo maalumu: safari ya siku kadhaa, ndani ya basi moja, chini ya kiongozi mmoja, kwa ratiba iliyopigwa chapa kabla ya mguu wa kwanza kuinuliwa. Katika safari hiyo wamo watu wa namna tatu. Wa kwanza ni msafiri, aliyelipa ili aone. Wa pili ni kiongozi, aliyelipwa ili aonyeshe. Wa tatu ni mwenyeji wa nchi inayoonyeshwa. Huyu hakulipa, aghalabu hakulipwa, wala hakuulizwa. Basi hupita mlangoni pake, vidole vikanyoshwa dirishani, maneno yakasemwa juu yake, na vumbi likatulia. Swali linalostahili kupimwa ni hili: kiongozi humwonyesha msafiri watu na nchi yao kwa haki gani, na mwenyeji anawadai nini wote wawili?

Swali la namna hii halipimiki hewani. Sharti lishuke likanyage ardhi. Basi ichukuliwe kwamba alfajiri moja basi limesimama Posta, katikati ya mji wa Dar es Salaam, tayari kwa safari ya siku sita. Siku ya kwanza litapita Morogoro hadi Dodoma, mwendo wa yapata kilomita 450. Siku ya pili litakwenda Kondoa na Kolo. Siku ya tatu litafika nyanda za Ngorongoro, litashinda huko siku ya nne, na siku mbili za mwisho litarudi pwani. Abiria ni walimu, makarani, wachuuzi wa Kariakoo waliofunga maduka yao kwa juma moja, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, wageni wachache kutoka ng'ambo, na bibi mmoja mtu mzima aliyekatiwa tikiti na wanawe. Kiongozi ni kijana msomi, mwenye sauti nzuri na bashasha. Abiria hawa na kiongozi wao ni wa mfano tu. Lakini njia wanayoipita na habari za njia hiyo ni za kweli.

Kazi ya kiongozi huanza kabla magurudumu hayajaenda mbali. Katika Barabara ya Samora huwaonyesha abiria sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Picha hupigwa, basi huondoka. Baada ya dakika chache limefika Kariakoo, naye husema kwamba hili ni soko kubwa, kwamba jengo lake lilichorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na kwamba liliungua Julai 2021. Yote aliyosema ni kweli. Lakini hakusema kwamba jina Kariakoo lenyewe ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi wa vita, waliokuwa na kambi yao mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Watu wale wale wanaokumbukwa kwa shaba pale Posta, hapa sokoni wanakumbukwa kwa jina tu, na abiria hawakuambiwa kwamba kumbukumbu hizo mbili ni moja.

Hapa ndipo nguvu ya kiongozi ionekanapo kwa mara ya kwanza. Hakusema uongo; alichagua. Kila aonyeshaye huchagua, na kila achaguaye huacha. Hapana kosa katika kuacha kwenyewe, maana njia ni ndefu na ulimi ni mmoja. Kosa huanza pale ambapo yanayoachwa ni yale yale kila siku, na yanayoachwa yakawa ni yale yanayomhusu mtu asiyekuwamo katika basi.

Basi likielekea Magomeni hupita bonde la Jangwani. Mgeni asikiapo jina hilo hutazamia mchanga mkavu. Kumbe ni bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha hufurika hata barabara ikafungwa. Mzaha huo mdogo wa jina na kitu ungefaa kuwa onyo kwa msafiri katika safari yake nzima: nchi haijulikani kwa kuitwa. Kutwa nzima basi hupanda kutoka pwani kwenda bara, kupita Chalinze na Morogoro na Gairo, mpaka miti ikafupika, mito ikawa ni njia nyeupe za mchanga, na mibuyu ikasimama peke yake katika tambarare. Hapo ni Ugogo. Mvua ya Dodoma ni yapata milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Si jangwa kwa kipimo cha wataalamu, lakini machoni pa mtu wa pwani latosha kuitwa hivyo.

Kiongozi, akiona abiria wamechoka, huwachangamsha kwa mzaha. Husema katika kipaza sauti kwamba nchi hii haitoi kitu, na kwamba watoto wa huku hujifunza kunyosha mkono kabla ya kujifunza kutambaa. Basi zima hucheka, isipokuwa bibi yule. Baada ya kicheko kutulia yeye husema kwa upole, "Mwanangu, mimi ni wa hapa. Nimezaliwa nyuma ya kilima kile." Kijana huona haya, uso wake hubadilika. "Samahani sana, bibi," asema, "sikujua kama umo." Naye bibi hujibu: "Nimekusamehe. Lakini ungalijua nimo, ungalisemaje?"

Swali la bibi ndilo swali la insha hii, na halijibiki kwa wepesi. Wa kwanza kujibu atasema kwamba mzaha ni utani, na utani ni desturi njema ya watu wa nchi hii. Hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo inayolihukumu tendo la kijana. Utani una sheria. Mtani humtania mtani mwenziwe uso kwa uso, naye hutaniwa vivyo hivyo. Na siku ya msiba mtani huyo huyo hufika, akachimba kaburi, akawachekesha wafiwa, akabeba sehemu ya mzigo. Utani ni mkopo na malipo. Mzaha unaosemwa katika kipaza sauti juu ya watu walio nje ya kioo hauna malipo, kwa sababu anayetajwa hawezi kuujibu wala hajui kwamba umesemwa. Utani ukikatwa jibu lake hugeuka kuwa masengenyo.

Na ubaya wa masengenyo hayo hauishii katika kuumiza moyo. Huharibu pia ujuzi wa anayesikia. Abiria waliocheka wameamini kwamba ukame wa Ugogo ni kazi ya mbingu, na umaskini wake ni kazi ya uvivu. Ukweli ni mwingine. Katika vita vile vile vinavyokumbukwa pale Posta, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua kwa Wagogo vijana wao kuwa wapagazi, ng'ombe wao kuwa kitoweo, na nafaka yao kuwa posho. Ukame ulipokuja ulikuta ghala tupu na mashamba yasiyo na wakulima. Ndipo ikawa njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya, iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920 na kuua watu wengi sana. Wagogo walikuwa wamezoea ukame tangu zamani. Mtama na uwele wao, na ng'ombe waliowatawanya kwa jamaa wa mbali, vilikuwa ni elimu ya kuishi nao. Ukame peke yake haukuwashinda. Walishindwa walipoondolewa silaha zao za kupigana nao. Basi sanamu ya Posta, jina la Kariakoo na uwanda mkavu wa Ugogo ni habari moja iliyonyoshwa juu ya barabara moja, na kiongozi ambaye angeijua angaliweza kuisimulia tangu asubuhi. Badala yake alisimulia kichekesho.

Hapa wapo watakaosema kwamba kosa si la kijana huyu bali ni la safari za kuongozwa zote. Mtu mwenye akili, wao hudai, hujiendea peke yake. Anayeongozwa huona kilichotayarishwa, na kilichotayarishwa si kweli. Dai hili lina fahari, lakini halina uzito. Hapana msafiri aliyepata kwenda pasipo kuongozwa. Wazungu waliosifiwa kwa kuivumbua bara walitembea nyuma ya kirangozi, aliyejua visima na lugha na desturi za njiani. Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao aliyeuzwa utumwani hadi Bara Hindi na kurejea akiwa huru, alisafiri na Burton na Speke tangu mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant, akawa na Stanley mwaka 1871, na akavuka bara na Cameron kati ya 1873 na 1875. Vitabu vya safari hizo vimeandikwa kwa majina ya wengine, lakini sehemu kubwa ya yaliyoonwa yalionwa kwa msaada wa macho yake. Na huyo ajiendeaye peke yake leo huongozwa na ramani, na kitabu, na uvumi alioletewa tangu utotoni. Tofauti ni kwamba kiongozi wake haonekani, na kwa hiyo hawezi kuulizwa. Kuongozwa si aibu. Aibu ni kuongozwa vibaya na kuridhika.

Misafara hiyo ya zamani ina fundisho jingine. Kabla ya kuingia Ugogo, wasafiri walivuka nyika isiyo na maji matamu iliyoitwa Marenga Mkali, wakitembea mchana na usiku na vibuyu mabegani. Walipofika ng'ambo walikuta visima vyenye wenyewe, na watemi wa Ugogo waliwatoza hongo, yaani malipo ya nguo na shanga kwa ajili ya kupita na kunywa. Wasafiri walinung'unika sana, na vitabu vyao vimejaa manung'uniko hayo. Siku hizi neno hongo halina maana ila rushwa, na ni haki kulichukia kwa maana hiyo. Lakini maana yake ya zamani ilibeba fikira iliyo safi: kwamba nchi ina wenyewe, kwamba maji yamechimbwa na mikono ya watu, na kwamba apitaye sharti asimame, ajitambulishe, azungumze na wenyeji, ndipo apite. Msafara uliotoa hongo ulikuwa umekiri kwamba mwenyeji yupo. Basi la leo lina kiyoyozi na maji ya chupa. Halina haja ya kisima cha mtu, na kwa hiyo halina haja ya kusimama. Limepata raha, na limepoteza kukiri.

Hoja ya pili ni ya wafanya biashara ya safari. Wao husema: msafiri amelipa apate furaha, hakulipa apate mzigo. Akihubiriwa njaa na dhuluma za miaka mia moja iliyopita, mwakani hatarudi, na asiporudi atakosa kazi kiongozi, atakosa mpishi wa hoteli, atakosa na mwenyeji auzaye asali kando ya njia. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa mkate wa watu umo ndani yake. Taifa lenyewe limeitambua biashara hii: mwaka 2022 ilitolewa filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alifanya kazi ya kiongozi, akimwonyesha mwandishi Peter Greenberg uzuri wa nchi. Hapana ubaya katika kualika wageni. Wahenga wamesema mgeni aje mwenyeji apone. Lakini methali hiyo yataka isikilizwe mpaka neno lake la mwisho. Haikusema mgeni aje mwenyeji atazamwe, wala mgeni aje mwenyeji achekwe. Imesema apone. Ugeni usiomponya mwenyeji, wala usiompa heshima yake, hauwezi kujitetea kwa methali hiyo.

Tena si kweli kwamba ukweli huondoa furaha. Hapo kaskazini ya Dodoma, katika vilima vya Kondoa, upo ushahidi. Abiria wakifika huko siku ya pili huona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji, kuta zake zikiwaka jua la jioni likizipiga. Mgeni kutoka Marekani atakumbuka mabonde ya Arizona na kusema ni uzuri ulioje. Mwenyeji aonapo korongo lile huona shamba la babu yake lililokwenda na mvua. Nchi hiyo ilimomonyoka kwa kukatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi, majani na miti ipate kurudi. Anayejua hayo hafurahi kidogo kuliko asiyejua. Hufurahi kwa namna nyingine: macho yake huona rangi, na akili yake huona watu walioharibu, walioamriwa, walioteseka kwa amri hiyo, na walioona majani yakirudi. Uzuri wa korongo haukupungua, umepata kina.

Basi kipimo kinachotafutwa sasa chaweza kutamkwa, nacho chatoka katika kinywa cha bibi yule. Kiongozi asiseme juu ya watu lolote ambalo asingalilisema wenyewe wakiwa wameketi ndani ya basi, nao wakiwa na kipaza sauti cha pili. Sehemu zote mbili za kanuni hii zahitajiwa. Haitoshi mwenyeji kuwamo kama msikilizaji. Awemo kama mwenye kujibu. Wala haimpasi kuwamo kwa mwili, maana haiwezekani kila kijiji kipande basi. Yatosha awemo katika dhamiri ya asemaye.

Mtu aweza kupinga kwamba kanuni hii itawafanya viongozi kuwa wasifu watu ovyo, maana mbele ya mtu aibu yake hufichwa. Sivyo. Barazani watu huambiana mambo magumu kuliko yasemwayo faraghani, lakini huambiana kwa ushahidi na kwa kipimo, kwa sababu anayeshutumiwa yupo na atajibu. Kiongozi aweza kusema mbele ya watu wa Kondoa kwamba mifugo yao ilichangia kuiharibu nchi. Ni kweli, na wao wanaijua. Asichoweza kusema mbele yao ni kwamba walifanya hivyo kwa ujinga tu, maana hapo mzee atainuka aulize: je, malisho yetu mengine yalikwenda wapi? Kuwapo kwa mwenyeji hakuulainishi ukweli. Huukamilisha.

Kanuni hii yafundisha pia kwamba mwenyeji ana haki ya kusema, na ana haki ya kunyamaza. Huko Kolo, na katika miamba ya Kondoa iliyo zaidi ya mapango 150, zimo picha zilizochorwa na watu wa kale: nyekundu za wanyama na watu warefu wembamba, na nyeupe zilizokuja nyuma yake. Mary Leakey alinakili nyingi mwaka 1951, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini baadhi ya miamba hiyo si kumbukumbu ya wafu peke yake. Wenyeji wameendelea kufanya matambiko yao hapo, kuomba mvua na kuponya wagonjwa. Msafiri aliyelipa nauli hudhani amenunua kila kitu kilicho njiani. Mahali kama hapo humfundisha kwamba alichonunua ni kiti. Akiambiwa na mwenyeji, "Hapa usipige picha," au "Leo huku hatuingii," asione kwamba amepunjwa. Ameonyeshwa jambo kubwa kuliko picha, yaani ameonyeshwa kwamba mahali pale pangali hai.

Mtihani mkubwa wa kanuni hii uko mwisho wa njia, Ngorongoro. Mwaka 1959 Wamaasai waliondoka Serengeti, ikabaki ya wanyama, na Ngorongoro ikawekwa kuwa mahali pa wanyama na wafugaji pamoja. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema kwamba uhamaji huo ni wa hiari, na kwamba wingi wa watu na mifugo umeielemea hifadhi. Wapo wakazi walioupinga, wakisema kwamba ardhi ile ni ahadi ya mababa zao na kwamba huduma zimepunguzwa ili wachoke. Kiongozi aliyesimama ukingoni mwa kreta, huku abiria wake wakiuliza kama tembo wapo, asemeje? Aliye mwoga atanyamaza. Mwenye hasira atatoa hukumu aliyoitoa nyumbani kwake. Kanuni ya bibi haimtaki kuwa hakimu. Yamtaka aseme neno ambalo mfugaji aliyehama, mfugaji aliyebaki na askari wa hifadhi wote watatu, wakiwa ndani ya basi, wangalikiri kwamba ndilo walilolisema. Hilo ni gumu, lakini ndilo lipasalo kuitwa uongozi.

Wala shida hii si ya Tanzania peke yake. Grand Canyon, bonde kuu la Arizona, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Wahavasupai, waliokuwa wakiishi na kuwinda katika nchi hiyo, walikuwa wameachiwa tangu mwaka 1882 kipande cha ekari 518 tu, mpaka sheria ya mwaka 1975 iliporudisha kwao ekari zipatazo 185,000. Kwa miaka mingi mabasi ya watalii yalifika ukingoni, watu wakastaajabia mwamba, na wachache wakauliza nchi ilikuwa ya nani. Lakini huko huko upo mfano wa pili. Mwaka 1958 baraza la Wanavajo lililifanya bonde la Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, kuwa hifadhi yao wenyewe, na sehemu zake za ndani haziingiwi ila kwa kuongozwa na Mnavajo. Huko mwenyeji hakuingizwa katika dhamiri ya kiongozi. Yeye ndiye kiongozi. Si kwamba mwenyeji hawezi kusema uongo. Binadamu ni binadamu. Lakini akisema uongo juu ya nyumba yake, majirani zake wapo na watamkumbusha.

Yamebaki ya msafiri. Ni rahisi kumtwika kiongozi mzigo wote, kwa sababu ndiye asemaye. Lakini kicheko katika basi kilikuwa cha abiria. Kiongozi hujifunza upesi yale yanayochekesha na yale yanayochosha, na ratiba ya mwakani huandikwa kwa masikio ya abiria wa mwaka huu. Kwa hiyo msafiri naye ana dhima: aulize jina la mahali na maana yake, anunue kwa bei isiyomdhalilisha auzaye, akubali kutazamwa kama anavyotazama, na asikiapo mzaha usio na jibu, asiuongezee kicheko chake. Hiyo ndiyo hongo ya leo, kwa maana yake ya zamani na iliyo safi. Haitozwi na mtemi yeyote, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeitoa ila mwenye insafu.

Siku ya sita jioni basi hurudi Posta. Taa zimewashwa, wachuuzi wa Kariakoo wanashusha mizigo yao, na abiria wanaagana. Kijana anamshika bibi mkono ashuke salama, naye akiwa na neno moja la kusema. "Bibi, lile swali lako sijalijibu." Bibi hukaza kitambaa chake kichwani, akatazama upande wa sanamu ya Askari. "Usinijibu mimi," asema. "Mtajibizana na wale watakaopanda kesho."

Na kesho yake, basi lile lile, kiti kile cha bibi kikiwa kimekaliwa na mtu mwingine, kijana hushika kipaza sauti mbele ya sanamu. Hapo ndipo itakapojulikana kama mwenyeji ameshuka pamoja na bibi, au amebaki ndani.